Usukani wa Shemeji Modesta

Watu wa Mkolani hupenda kusema kwamba mimi ndiye niliyemfundisha magari shemeji yangu, Modesta Mihayo. Nimelisikia neno hilo misibani, harusini, hata nje ya kanisa baada ya misa, na kila mara linaniwasha. Sikumfundisha kitu. Nitaeleza ilivyokuwa, na atakayeona nimejidhalilisha, shauri yake.

Modesta ni dada mkubwa wa mke wangu, Tereza. Alizaliwa upande wa Ngudu kwa wakulima wa pamba, akamaliza darasa la saba, na mwaka 1974 akaajiriwa kwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, afagie chumba cha mashine ya kufunga marobota. Mashine ile ilibana pamba kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu, na aliyeiendesha alikuwa mzee mmoja mkali aliyeitwa Ngosha. Siku moja Modesta akaacha kufagia, akamwambia mzee kwamba leo mashine inalia tofauti na jana. Ngosha akamfukuza. Haikupita saa, mpira wa kupitishia mafuta ukapasuka na marobota yote yaliyokuwa karibu yakalowa. Kesho yake mzee akamnyang'anya ufagio na kumpa spana.

Alikaa pale miaka ishirini na moja. Katikati ya miaka hiyo, waya wa robota ulifyatuka na kumpiga bega la kulia, na bega likapona vibaya. Mkono ule unashika kikombe, unaandika, unapepeta mchele, ila kuvuta kitu kizito hauwezi. Hakuacha kazi. Akawa wa kusikiliza na kuelekeza, na wenye mabega wakavuta. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, pamba ikakimbilia kwao, jineri ya ushirika ikanyamaza, na mwaka 1995 Modesta akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Wengi walinunua ng'ombe. Yeye alinunua gari dogo la Kijapani, kuukuu, rangi ya maziwa, akalifanya teksi.

Nilicheka sana, sitaficha. Mimi ni fundi, nimekulia kwenye Land Rover na malori ya Bedford, gari ambazo dereva alizikatisha kona kwa kifua na mabega. Nikamwambia, "Shemeji, wewe mkono huna, teksi ya nini?" Akanijibu kwamba hiyo hiyo ndiyo sababu amechagua hili. Lilikuwa na usukani wa pawa, ule unaosaidiwa na pampu ya mafuta. Akakaa kwenye kiti, akawasha, akaweka kiganja cha ule mkono mbovu juu ya usukani na kuuzungusha mpaka mwisho, gari likiwa limesimama. Aliyewahi kuendesha anajua maana yake. Kwetu dereva hukaa kulia na gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono unaobaki na usukani ni wa kulia. Kwenye Bedford yangu Modesta asingefika hata Nyegezi.

Siku za kazi alikuwa akibeba watu kati ya mjini, Nyegezi na Mkolani. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Aliwachukua akina mama wanne wa vitenge, kiongozi wao akiitwa Odeta, akawapeleka mnadani Sengerema. Njia yenyewe ni hadi Kigongo, kuvuka ziwa kwa pantoni mpaka Busisi, kisha mbele. Kazi hiyo moja ndiyo iliyoshikilia teksi yote, na kila mtu nyumbani alijua hivyo.

Sasa, mwezi wa sita mwaka 1997 mpira mmoja wa mafuta ya usukani ulianza kuvuja. Nikaufungua, nikaenda mjini kutafuta mwingine, siku ya pili nikaupata, nikafunga. Gari likatoka gereji kwangu likiwa zima, na nilijisifu wiki nzima. Baada ya wiki tatu hivi usukani ukaanza kunguruma. Mwanzoni ni asubuhi tu, baadaye kila kona. Kisha ukawa mzito, siku hadi siku, hasa gari linapokwenda polepole.

Jumamosi moja mwezi wa nane, Modesta alifika Kigongo akashindwa kuingiza gari kwenye pantoni. Pale unaingia kinyumenyume, magari mengine yamekubana huku na huku, na usukani unaukata ukiwa karibu umesimama. Alijaribu mara tatu, bega likamkatalia. Mfanyakazi mmoja wa pantoni, Otuoma, mtu wa Mara mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akafungua mlango na kumwambia, "Mama, shuka, nikuingizie. Watu wanangoja." Modesta akashuka. Akasimama pembeni na pochi yake mkononi huku gari lake likiendeshwa na mwingine, na abiria wote wakimtazama.

Odeta hakuwa na ubaya. Walipofika alimwambia taratibu, "Dada Modesta, Jumamosi ijayo kama gari bado liko hivi, itabidi tutafute mwingine. Si kwamba hatukupendi." Jioni ile mwanamume mmoja wa Mkolani akaja kuuliza kama gari linauzwa. Na kaka yao, Antoni, akatuma barua kutoka Ngudu kwamba nyumba ndogo ya uani ameshaipaka udongo, dada arudi tu, wakalime. Tereza alipomsomea barua ile, Modesta alikwenda nje kuosha gari, akalisugua hata mahali palipokuwa pasafi.

Jumatatu asubuhi akalileta gereji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikafungua boneti. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na uhakika, vitu viwili ambavyo fundi hapaswi kuwa navyo pamoja. Nikapima mkanda unaozungusha pampu, umekaza. Nikafungua kopo la mafuta ya usukani, limejaa. Nikafuta mikono na kutoa hukumu.

"Pampu imekufa, shemeji."

"Imekufa?"

"Imekufa. Na pampu hizi Mwanza hakuna. Mpaka Nairobi au Dar, na huko nako ubahatishe. Dawa ni moja tu. Tunatoa mkanda, pampu inakaa bure, unaendesha kwa nguvu kama Land Rover."

Na kweli ndivyo tulivyokuwa tukifanya, mafundi wote wa mji ule, tusifichane. Gari za Kijapani zilitumwagikia kwa mkupuo baada ya soko kufunguliwa, na sisi tulikuwa watu wa Bedford. Usukani wa pawa ukisumbua, tulikata mkanda na kumwambia mwenye gari ale ugali zaidi. Sikuona aibu yoyote kusema hivyo. Nilimwambia hivyo mtu mwenye bega moja.

Modesta akaniangalia. "Inalia au imenyamaza?"

"Nini?"

"Pampu. Inalia au imenyamaza?"

"Inalia, si umeisikia mwenyewe?"

"Basi haijafa. Mzee Ngosha alikuwa anasema pampu inayolia ina njaa. Iliyokufa haiombi chakula."

Hasira zikanipanda. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. "Shemeji," nikamwambia, "fundi hapa ni nani?"

"Fundi ni wewe. Gari ni langu. Washa."

Nikawasha, maana shemeji ni shemeji. Akaniambia nikate usukani kulia na kushoto, yeye akiinama juu ya injini. Gari likanguruma. Akanizuia, akafungua kopo la mafuta, akaniita nije nione. Mafuta yale ni mekundu yakiwa mazima. Haya yalikuwa yamejaa povu na yamepauka kama chai ya maziwa.

"Mafuta yakifanya povu yana upepo ndani," akasema. "Mashine yetu ya marobota ilikuwa hivi hivi ikivuta upepo. Pampu inakunywa upepo badala ya mafuta. Sasa swali ni kwa nini inakunywa upepo wakati kopo limejaa?"

Nikasema labda mpira niliofunga umelegea. Akauchunguza, akakuta umekaza vizuri, akanipa sifa yangu kwa hilo. Kisha akanirudisha kwenye kiti nikate usukani tena. Mara nikasikia, "Elias! Njoo. Mwambie mtu mwingine akae hapo."

Mteja mmoja akakaa. Modesta akanionyesha mpira mfupi unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Kila usukani ulipokatwa, mpira ule ulikuwa unabonyea wenyewe, ubavu unaingia ndani kama shavu la mtoto anayenyonya embe. Usukani ukiachwa, unarudi. Nimefungua boneti za magari maisha yangu yote na sikuwahi kutazama mpira ule.

"Umeona?" akasema. "Inavuta kwa nguvu zake zote. Pampu ni nzima kuliko wewe na mimi. Ila mafuta hayashuki. Kitu kimeziba juu, kabla ya pampu. Fungua kopo."

Nikafungua kopo, tukamwaga mafuta kwenye beseni. Chini ya kopo kulikuwa na chujio dogo la waya, na juu ya chujio kulikuwa na bonge jeusi limelala. Modesta akalitoa kwa vidole, akaliosha kwenye mafuta ya taa mara mbili, mara tatu. Kila alipoliosha lilizidi kuwa jeupe. Mwisho akachukua kipande, akakivuta taratibu kati ya vidole gumba vyake, kama wapima pamba wanavyofanya kuangalia urefu wa nyuzi.

Sasa sikiliza jambo la kwetu. Sisi wa Mwanza hatununui vitambaa vya kufutia mikono. Pamba imejaa kila mahali, na kwenye kila gereji utakuta gunia. Langu lilikuwa la pamba aliyotuletea Antoni kutoka Ngudu tutengenezee godoro, na iliyobaki nikaihamishia kazini. Nilifutia mikono, nilifutia spana, nilifutia mdomo wa kopo kila nilipoongeza mafuta. Na hilo lilikuwa dogo.

"Shemeji," Modesta akauliza, sauti ya chini kabisa, "ulipofungua ule mpira mwezi wa sita, gari lilikaa siku mbili limefunguliwa. Ile mipira iliyobaki wazi uliiziba na nini?"

Nikamkumbuka yule Elias wa mwezi wa sita, amejaa busara, hataki vumbi liingie kwenye mashine. Alichukua mabonge ya pamba, akayasokomeza kwenye midomo ya mipira. Baada ya siku mbili akayatoa. Moja alilitoa lote. Lile la pili lilikuja nusu, akafunga tu, na mafuta yakaisukuma nusu iliyobaki mpaka kwenye kopo.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Pamba," nikasema.

"Pamba," akasema. Kisha akaanza kucheka, na wale wateja nao, na mimi nikasimama katikati kama mwizi wa kuku. "Bhebhe, wewe! Anayezibwa pamba ni maiti, shemeji. Gari langu lilikuwa bado hai!" Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Na hii ni pamba safi, wala si fifi, ile ya daraja la pili. Pamba ya Antoni. Ilikuwa inanirudisha kwa Antoni polepole."

Hapo ndipo aliponiambia habari ya kitambaa cha kaki. Kule jineri, mtu anasimama kwenye pamba mpaka magotini, lakini mlangoni pa chumba cha mashine Ngosha alikuwa amefunga kitambaa cha kaki kwa kamba. Ukitaka kufuta kitu chenye mafuta, unafuta kwa kitambaa hicho. Aliyekamatwa akifuta kwa pamba alirudishwa nyumbani siku hiyo. Watu walimwona mzee ana wazimu. Modesta alikuwa amechukua kitenge cha zamani cha Tereza, akakikata vipande, na vipande hivyo vilikuwa kwenye buti la gari lake tangu mwanzo. Mimi sikuwahi kuuliza ni vya nini.

Kazi iliyobaki tuliifanya wote, yeye kichwa na mimi mikono. Tuliosha chujio na kopo, tukaviacha vikauke juani bila kuvifuta. Tukafungua mpira wa kurudisha mafuta tukauelekeza kwenye debe, tukamwaga ya zamani yote mpaka tone la mwisho. Modesta akaenda mwenyewe mjini kununua mafuta mapya mekundu, akayachuja kwa kitambaa cha nailoni akiyamimina. Kisha tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki, injini imezimwa, na akaniamuru nizungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho, taratibu, huku yeye akihesabu na kutazama mapovu yakipanda kwenye kopo na kupasuka. Nilipotaka kwenda haraka alinigombeza. Nilipokandamiza usukani mwishoni aliniambia nisiichoshe pampu bure. Tulitoa upepo hivyo mpaka kopo likatulia kabisa, uso wa mafuta haukuonyesha hata povu moja.

"Shusha," akasema. "Washa."

Nikashusha, nikawasha. Kimya. Injini tu. Nikashuka kumpisha, akakaa, akaweka kiganja cha kulia juu ya usukani. Ukaenda wote. Akaurudisha. Ukarudi. Alikaa tu akiuzungusha huku na huku, magurudumu yakichimba vumbi la gereji yangu, na macho yake yakajaa maji. Mimi nikaenda nyuma ya gari nikajifanya ninatafuta spana.

Na sasa ndiyo sehemu inayoniuma. Kabla ya jua kuzama Mkolani nzima ilikuwa inasema, "Elias amefufua usukani wa shemeji yake." Mafundi wenzangu wakaja kuuliza nimefanyaje. Wale wateja wawili walikuwa wameondoka, na Modesta alikuwa kazini. Ningeweza kusema. Nikasema, "Ah, ni utaalamu tu." Jumanne nikasema hivyo, Jumatano nikasema hivyo, na Alhamisi jamaa mmoja akaniletea gari lake lenye ugonjwa huo huo kutoka Igoma kwa sababu ya sifa zangu, nikamwambia alirudishe Jumatatu. Tereza alinitazama mezani kwa jicho ambalo mume yeyote analijua. Modesta alisikia yote na hakunikanusha hata mara moja. Ijumaa alipita, akasema, "Kesho twende wote Busisi, shemeji. Ukaone."

Jumamosi alfajiri tukaondoka, mimi nimekaa mbele, akina mama watatu nyuma wamebanana, na Odeta mdogo wa umbo amejipachika kati yangu na mlango, vitenge vimejaa buti na kwenye magoti yetu. Tukapita Usagara, tukafika Kigongo. Nilijua kila mtu ndani ya gari anawaza jambo moja, na yeye alijua. Pantoni ikashusha ulimi wake wa chuma, magari yakaanza kuingia. Ikafika zamu yetu. Abiria wakashuka waingie kwa miguu, nami nikashuka pamoja nao. Otuoma akaja akipiga makofi kama kawaida yake, mkono tayari umenyooshwa kushika mlango.

"Mama, shuka, nikuingizie!"

"Ondoka nyuma ya gari, baba," Modesta akamwambia kupitia dirishani. "Nisije nikakukanyaga."

Akageuza shingo kushoto, mkono mzima akaulaza nyuma ya kiti cha abiria, na ule mbovu ukabaki peke yake juu ya usukani, kiganja kimefunguka. Gari likaanza kurudi. Kulia kwake lori la mchanga, kushoto basi dogo, na nafasi iliyobaki ingetosha mbuzi wawili. Kiganja kikazunguka, kikaenda, kikarudi, kikanyoosha. Otuoma alikuwa amefungua mdomo apige kelele zake za "kata, kata", akabaki mdomo wazi. Hakupata pa kuzipiga. Gari likasimama mahali pake bila kugusa ukuta wala jirani, na Modesta akavuta breki ya mkono.

Akina mama wakapiga vigelegele pale pale kwenye ulimi wa pantoni. Odeta alishika kichwa. Otuoma akaja moja kwa moja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa ovaroli, akanishika mkono kwa nguvu.

"Fundi, umefanya kazi! Juma lililopita gari hii ilikuwa jiwe. Nimesikia habari zako mpaka huku. Ni wewe, si ndiyo?"

Watu walikuwa wamenizunguka. Kwenye umati ule nilimwona jamaa wa Igoma, naye anavuka. Modesta alikuwa bado kwenye kiti, dirisha liko wazi, anafuta vumbi kwenye dashibodi kwa kipande cha kitenge, hanitazami. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Nikaona nikinyamaza na leo, nitanyamaza mpaka kaburini.

"Hapana," nikasema, kwa sauti ya kushindana na ya Otuoma. "Mimi ndiye niliyeliharibu. Niliziba mipira kwa pamba. Halafu nikasema pampu imekufa, nikataka kukata mkanda. Aliyetengeneza ni huyo aliyeendesha. Anaitwa Modesta Mihayo, ni fundi wa mashine wa miaka ishirini na moja, na ni shemeji yangu."

Nililisema hilo la mwisho kifua mbele, na mpaka leo nikilisema kifua kinakwenda mbele chenyewe. Jamaa wa Igoma akanipita, akaenda kusimama dirishani kwa Modesta, akavua kofia. "Mama, shikamoo," akasema. "Na langu linalia."

"Marahaba," akamjibu. "Linalia tu, au limenyamaza?"

Pantoni ikapiga honi. Modesta akanirushia kile kipande cha kitenge kupitia dirishani, nikakidaka.

"Shika, shemeji," akasema. "Jumatatu tunafungua la huyu bwana, na lile gunia lako nisilikute pale."